Kipande cha kaboni kimetoka kizito, kinapinda au kimejikunja: kosa litafutwe wapi

Mtu hununua kitambaa cha kaboni kwa ajili ya wepesi. Awe anatengeneza mikono ya droni Kisumu, kasia la mashindano pale Dunga, au boneti ya gari litakaloonja vumbi la Safari Rally kule Naivasha, pesa imemtoka mfukoni ili kilo zipungue. Ndiyo maana lalamiko la kwanza karibu kila mara ni la uzito, na jibu ambalo mafundi hupeana haraka ni kwamba resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha kitambaa, ilikuwa mbovu. Resini hulaumiwa sana na mara nyingi haina hatia. Kabla ya kubadilisha chapa au kuagiza kitambaa cha bei ya juu zaidi kutoka Nairobi, pima vitu viwili: densiti ya kipande na unene wake. Ukipima kimoja ukaacha kingine, utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Namba za kubeba kichwani

Uzi wa kaboni wa kawaida, kama T300 au T700 za kampuni ya Toray, una densiti ya gramu 1.76 hadi 1.80 kwa kila sentimita ya ujazo. Epoksi, ndiyo resini yenyewe, ikikauka huwa kati ya 1.1 na 1.2. Vikiungana, jibu halina budi kuangukia katikati yao. Kwa kulinganisha, alumini ni 2.7, chuma cha pua 7.85, na uzi wa glasi, ule wa faiba ya mashua, ni kama 2.55.

Tuchukue 1.80 kwa uzi na 1.15 kwa epoksi. Uzi ukijaza asilimia 40 ya ujazo, densiti ni 1.41. Ukijaza asilimia 50, ni 1.475. Ukijaza asilimia 60, ni 1.54. Angalia namba hizo zilivyobanana: kazi ya mkono iliyolowa resini kupita kiasi na kazi ya kiwanda cha ndege zinatofautiana kwa 0.13 tu. Mizani inayoruka gramu tano tano haiwezi kuona tofauti hiyo kwenye kipande kidogo. Mizani inayofaa ni ile ndogo wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Kakamega na Migori, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu.

Nimesema asilimia ya ujazo, na hapa ndipo wengi huteleza. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ikisema uzi asilimia 60, kwa kawaida inazungumzia ujazo. Fundi naye huweka uzi gramu 60 kwa resini gramu 40 akidhani amefika. Kwa kuwa uzi ni mzito kuliko resini, mchanganyiko huo ni kama asilimia 49 tu ya ujazo. Hakuna aliyekosea kazi hapo. Ni kipimo kimoja kilichosomwa kama kingine. Nguvu na ukakamavu vyote vilivyoandikwa kwenye ile karatasi vitakuwa juu kuliko utakavyopata.

Kupima kwenye benchi

Kata kipande cha majaribio kutoka ukingo wa kazi yenyewe, si kutoka kazi nyingine ya wiki iliyopita. Sentimita 10 kwa 10 ni saizi nzuri. Kata kwa msumeno wa meno madogo, kisha lainisha kingo kwa msasa uliolowa maji. Usisugue kikavu: vumbi la kaboni hupitisha umeme, na likiingia kwenye multimita au kompyuta iliyo karibu litazua matatizo mengine. Mapafu yako pia hayalihitaji.

Pima uzito kikiwa kikavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga kipande kwa uzi mwembamba na ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha gramu kadhaa. Hizo gramu ndizo uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni karibu sentimita moja ya ujazo, umepata ujazo wa kipande. Gawanya uzito mkavu kwa ujazo huo. Maji yenye digrii 25 yana densiti ya 0.997, kwa hiyo anayetaka usahihi arekebishe. Tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji huzuia povu kung'ang'ania kingo; povu moja lililosahaulika linatosha kukuzulia kasoro isiyokuwepo.

Tuseme kipande chako kina tabaka 10 za kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Sentimita 10 kwa 10 ni sehemu ya mia ya mita ya mraba, kwa hiyo ndani yake kuna gramu 20 za uzi, upende usipende. Mizani inasema gramu 35.0, basi resini ni gramu 15.0. Ujazo uliopima ni sentimita 25.0. Sasa hesabu: gramu 20 za uzi zinahitaji ujazo wa 11.1, gramu 15 za resini zinahitaji 13.0. Jumla 24.1 na kidogo. Sentimita 0.85 zilizobaki hazina uzi wala hazina resini. Ni hewa, kama asilimia 3.4.

Lakini jaribu hesabu hiyohiyo kwa resini yenye densiti ya 1.20 badala ya 1.15. Hewa inaruka hadi asilimia 5.6. Kipande ni kilekile! Kwa hiyo usichukue namba ya resini kwenye kopo, hasa kwa kuwa kopo huandika densiti ya majimaji, na epoksi hujibana kidogo ikikauka. Kila unapochanganya kwa ajili ya kazi, mimina kiasi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, kikauke pamoja na kazi, kisha kipimwe kwa njia ileile ya maji.

Na kitambaa nacho usiamini lebo. Kata mita moja ya mraba, au hata robo yake, upime.

Kipande ni kizito kuliko hesabu

Kama densiti imepita 1.65, acha kuwaza resini. Kaboni na epoksi peke yake haifiki huko kwa urahisi, kwani uzi mtupu wenyewe ni 1.80. Kuna kitu kingine ndani. Mara nyingi ni glasi: kitambaa cha glasi kilichotiwa rangi nyeusi, au kitambaa mseto chenye kaboni upande mmoja na glasi upande wa pili. Glasi kwa nusu ya ujazo hutoa densiti ya 1.85 hivi. Wauzaji wengine hawadanganyi kwa makusudi, wameuziwa hivyohivyo. Jaribio ni rahisi: kwangua resini ya juu kwa msasa hadi uzi uonekane, weka ncha za multimita kwenye nyuzi hizo. Kaboni hupitisha umeme, glasi haipitishi. Ukiwa bado na kitambaa kibichi, chomoa nyuzi chache uzipeleke kwenye mwali wa tochi ya gesi. Glasi itayeyuka na kujikusanya kuwa kijishanga. Kaboni itawaka nyekundu bila kuyeyuka.

Densiti ikiwa ya kawaida, 1.40 hivi, na bado kipande ni kizito, basi uzito umeletwa na wingi, si na densiti. Hapa kalipa, kifaa cha kupimia unene, ndiyo shahidi. Tabaka 10 za gramu 200, zikibanwa zote kuwa kaboni tupu bila resini, zingekuwa na unene wa milimita 1.11. Gawanya 1.11 kwa unene uliopima na utapata sehemu ya ujazo inayojazwa na uzi. Milimita 2.2 ni asilimia 50. Milimita 2.8 ni asilimia 40. Ukiona 3 na kitu, umetengeneza sahani ya resini yenye kaboni ya mapambo.

Sababu za resini kuzidi ni chache na zinajulikana: brashi iliyolowa mno, kitambaa cha kunyonya ambacho hakikuwekwa au kilishajaa, resini iliyoanza kushika kabla ya kuvuta mfuko wa vakyumu, ule unaonyonywa hewa na pampu ili ubane kazi. Hii ya mwisho ndiyo ya Kisumu hasa. Saa nane mchana chumba kikiwa digrii 30, resini iliyoandikiwa dakika 40 kwa digrii 20 itakupa kama nusu yake, maana kila joto likipanda digrii 10 muda hupungua kwa takriban nusu. Ikiachwa ndani ya kikombe kirefu hupungua zaidi, kwani epoksi hujitia joto yenyewe. Imimine kwenye sinia pana mara tu ukimaliza kuchanganya, au fanya kazi alfajiri. Kadhia hiyo Nakuru hawaijui sana. Shida yao huja usiku.

Densiti iko chini

Hili ndilo fumbo lenyewe. Chukua vipande viwili, vyote tabaka 10, vyote vina densiti ya 1.41. Cha kwanza kina uzi asilimia 40 na hakina hewa hata chembe. Cha pili kilibanwa vizuri lakini kina viputo asilimia 4.5. Densiti peke yake haiwezi kuvitenganisha. Kalipa inaweza: cha kwanza kitakuwa na unene wa milimita 2.8, cha pili 2.3. Cha kwanza kina resini nyingi mno, kinahitaji kubanwa zaidi. Cha pili kimebanwa vya kutosha, kinahitaji hewa itolewe. Ukimpa wa pili dawa ya wa kwanza, yaani ukapunguza resini, utaongeza nyuzi kavu na viputo vitazidi.

Viputo vinauma wapi? Si kwenye kuvutwa kwa urefu wa uzi, hapo utaona tofauti ndogo. Vinauma pale tabaka zinaposhikana. Kadirio linalotumika sana ni kwamba nguvu ya tabaka kung'ang'aniana hushuka asilimia 7 hivi kwa kila asilimia moja ya hewa, angalau hadi asilimia 4. Watengenezaji wa ndege hawataki zaidi ya 1 au 2. Kazi ya brashi na rola bila mfuko ikiwa na 3 hadi 5, si ajabu, na kwa kifuniko cha redio haina neno. Kwa mkono wa droni unaobeba kamera ya mteja, ni habari nyingine.

Tahadhari moja juu ya kipimo: viputo vilivyofunguka kwenye kingo huingia maji, na mizani itavihesabu kama havipo. Ukiona kipande kinaendelea kuwa kizito kidogo kidogo baada ya kuzamishwa, au kikitolewa kinatoa jasho kingoni, hewa ni nyingi kuliko hesabu inavyosema.

Chanzo cha viputo huwa hewa iliyokorogwa wakati wa kuchanganya, kitambaa kisicholowa hadi ndani, unyevu, au mfuko unaovuja. Nyuzi za kaboni zenyewe hazinywi maji kiasi cha kutajwa. Wanywaji ni balsa (mbao nyepesi) iliyowekwa katikati ya tabaka, povu gumu la bei rahisi, na hadena, ile dawa ya kugandisha resini, iliyoachwa wazi karibu na ziwa. Kumbuka pia kwamba maji yenye digrii 30 huchemka hewa ikishushwa hadi kilopaskali 4 hivi. Pampu yako nzuri inaweza kuchemsha unyevu uliomo na kujaza kazi viputo ambavyo pampu mbovu isingevileta. Kausha balsa kwenye joto kabla, si kuianika nje asubuhi ya umande.

Geji ya vakyumu haifiki inapotakiwa

Fundi wa Nakuru anatazama video ya mtu wa pwani ya Ulaya. Geji ya yule inasoma kasoro 0.95 bar. Yake inakwama 0.78. Anabadilisha oili ya pampu, anabadilisha mipira, mwishowe ananunua pampu nyingine, nayo inakwama palepale.

Pampu haina shida. Geji ya kawaida ya mshale hupima tofauti kati ya ndani ya mfuko na hewa ya nje, na hewa ya Nakuru ni nyepesi. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 81, yaani 0.81 bar, wakati Mombasa ni 101. Hata ukiondoa hewa yote, geji haiwezi kupita 0.81. Ndiyo sababu hiyohiyo maji ya chai huko huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kisumu, mita 1,130, mwisho ni 0.88. Eldoret, mita 2,100, mwisho ni 0.78 au 0.79. Kwa wanaotumia geji za mafundi wa friji zinazosoma inchi za zebaki, Nakuru ni 24, Kisumu 26, baharini karibu 30.

Sasa tazama lile somo la 0.78 tena. Nakuru linamaanisha ndani ya mfuko kumebaki kilopaskali 3 tu, jambo la kusherehekea. Kisumu somo lilelile linamaanisha kumebaki 10, na hiyo ni dalili ya uvujaji au pampu iliyochoka. Andika kikomo cha mji wako kwa kalamu kwenye kioo cha geji na ugomvi utaisha.

Kuthibitisha uvujaji, funga vali kati ya mfuko na pampu, zima pampu, subiri robo saa. Mshale ukirudi nyuma waziwazi, tafuta pembe za tepu ya kuzibia, mikunjo ya mfuko, na hasa ncha za nyuzi za kaboni zilizosimama kingoni. Zinatoboa mfuko kama sindano na tundu lake halionekani kwa macho. Weka sikio, utasikia mlio mwembamba.

Kuna jambo ambalo halina dawa ya pampu. Mfuko hubana kazi kwa nguvu ya hewa ya nje tu, na Nakuru nguvu hiyo ni pungufu kwa moja ya tano ukilinganisha na pwani. Tabaka zilezile zitatoka nene kidogo. Panga unene wako kwa vipande ulivyotengeneza mjini kwako, au tumia kalibu ya pande mbili na vibanio.

Kinapinda kuliko inavyotakiwa

Lalamiko hili huja na namba mkononi: "Bosi, karatasi inasema gigapaskali 230, mbona hii inachezacheza?" Hiyo 230 ni ukakamavu wa uzi peke yake, ukivutwa kwa urefu wake. Epoksi ni 3 tu. Tabaka zote zikielekea upande mmoja, uzi asilimia 60, unapata 140 hivi kwa urefu, na upande wa kukingama 10 au chini yake. Kitambaa kilichofumwa kina mtande na mshindio, nusu ya nyuzi kila upande, kwa hiyo gawanya tena kwa mbili na utoe kidogo kwa sababu nyuzi hupanda na kushuka zinapopishana. Kwa uzi asilimia 44 unapata kama 50. Na ukivuta kitambaa hichohicho kwa pembe ya digrii 45, unashuka hadi 15 hivi, maana sasa resini ndiyo inayofanya kazi.

Pima mwenyewe. Kata ukanda wa upana wa milimita 25, unene 2.5, uulaze juu ya nondo mbili zilizoachana milimita 150, ning'iniza kilo 2 katikati, upime umeshuka kiasi gani. Fomula ni E = F × L³ ÷ (4 × b × h³ × d), ambapo E ni ukakamavu, F ni nguvu kwa nyutoni (kilo 2 ni 19.6), L umbali wa nondo, b upana, h unene, d mshuko, vyote kwa milimita. Jibu ni megapaskali; gawanya kwa 1,000 upate gigapaskali. Ukishuka milimita 0.85, ni gigapaskali 50 na kitambaa kimelazwa sawa. Ukishuka karibu 2.8, ni 15: ulikata ukanda, au ulilaza kitambaa, kwa mshazari. Pima unene mahali kadhaa uchukue wastani, kwani unapigwa kipeo cha tatu na kosa la milimita 0.1 linaharibu jibu kwa zaidi ya asilimia 10.

Usipime kwa mikono. Ninasisitiza kwa sababu hata mafundi wazoefu hufanya hivyo mbele ya mteja. Rudi kwa vile vipande viwili vya densiti moja. Kile kinene, kilicholowa resini, kina E ndogo zaidi, lakini kwa kuwa ni kinene, ukikikunja kwa mkono kitakuwa kigumu kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko chembamba. Mteja atakichagua. Kumbe kinazidi uzito kwa asilimia 20 na uzi ni uleule. Anayetaka ugumu wa kupinda kwa uzito mdogo asinunue unene kwa resini. Aweke povu au balsa katikati, tabaka za kaboni zikae mbali nje.

Kililegea juani

Kipande kilikuwa kigumu karakana, kikaachwa juu ya gari Ahero au Kondele, jioni kimebonyea. Epoksi inayokauka kwa joto la chumba hulainika ikifika digrii 50 hadi 60 hivi, na kitu cheusi kwenye jua la ikweta kinaweza kupita 70. Densiti yake itakuwa nzuri kabisa, hapa mizani haisaidii.

Dawa ni kuoka. Sanduku la mbao lililovikwa foili, balbu za zamani za waya ndani, kipimajoto, na subira: pandisha joto polepole, kipande kikiwa bado kwenye kalibu, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya resini, mara nyingi digrii 60 hadi 80 kwa saa kadhaa. Ukipandisha haraka, resini italainika kabla ya kushika zaidi na umbo litapotea. Nakuru, usiku ukishuka hadi digrii 10 na kitu, kazi iliyolazwa jioni huamka asubuhi ikiwa haijashika vizuri. Ioke hata kama haitakaa juani. Na kwa chochote cha kuonekana, paka rangi nyeupe. Najua, kila mtu anataka nyuzi za kaboni zilizofumwa zionekane. Basi angalau vanishi yenye kinga ya jua, kwani epoksi tupu hugeuka manjano na kuwa unga.

Uso unanata

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sponji ngumu. Ukiondoka, ulikuwa utando wa hadena uliokutana na unyevu na hewa ya ukaa. Kawaida ya msimu wa mvua ndefu. Usipake tabaka jingine wala rangi juu yake kabla ya kuosha, wala usianze kwa kuusugua, kwa sababu msasa mkavu huusambaza tu. Usipoondoka, na ukucha unaingia, uwiano ulikosewa. Kisa cha kawaida ni kupima kwa ujazo kitu kilichoandikiwa uzito: resini 100 kwa hadena 30 kwa uzito ni karibu 100 kwa 36 kwa ujazo, maana hadena ni nyepesi. Kuongeza hadena "ili ikauke haraka" hakusaidii, si rangi ya gari hii. Kipande cha namna hiyo hakiponi.

Kimejikunja chenyewe baada ya kutoka

Epoksi hutanuka na kunywea kwa joto. Uzi wa kaboni karibu hautikisiki, kwa urefu wake hata hunywea kidogo ukipashwa. Mpangilio wa tabaka usipokuwa kioo, yaani nusu ya juu isipolingana na nusu ya chini kwa mwelekeo, kipande kitajipinda kinapopoa. Tabaka mbili tu za kitambaa cha mshazari wa mbili kwa mbili, yaani kilichofumwa uzi ukipita juu ya nyuzi mbili kisha chini ya mbili, zinatosha kuleta shida ukisahau kugeuza moja. Chora mpangilio kwenye karatasi kabla hujakata.

Kinatoa sauti ya mashimo, au kina unga mweupe kwenye bolti

Gonga kwa sarafu ya shilingi 10, ukisogea sentimita moja moja. Palipo pazima pana mlio mkali. Palipoachana pana mlio mzito. Pakiwa karibu na tundu, dreli ilisukuma tabaka ya chini ikabanduka: weka ubao nyuma kabla ya kutoboa. Pakiwa katikati, chunguza kama nta ya kalibu iligusa kitambaa au kama utando wa kubandua ulisahauliwa ndani. Hili la pili hutokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Unga mweupe kuzunguka riveti ni alumini inayoliwa. Kaboni na alumini vikigusana palipo na maji hufanya betri, na alumini ndiyo inayolipa. Maji baridi ya Ziwa Victoria hufanya kazi hiyo polepole. Maji ya magadi ya Ziwa Nakuru na Elmenteita, yanayopitisha umeme vizuri zaidi, hufanya haraka. Tenganisha kwa tabaka moja nyembamba ya glasi, ziba tundu kwa epoksi kabla ya kupitisha bolti, na tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Riveti za alumini zilizokwisha kuanza kutoa unga zing'oe zote, hata zinazoonekana nzima, kwa sababu huanza kuliwa kwenye shina, ndani ya tundu, kabla kichwa hakijaonyesha chochote.